Maumivu ya Zahoro

Zahoro alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu barazani kwake, karibu na soko la Kariakoo. Asubuhi mkewe, Mwanamkuu, alimletea uji, naye alikunywa huku akitaniana na wapita njia.

Mwaka mmoja kaka yake, Ramadhan, alifariki kwa homa ya mapafu. Tangu mazishi Zahoro hakutania tena. Tumbo lilimsokota, kichwa kiligonga, shingo ilikakamaa. Uji ulipoa bila kuguswa. Mteja akiulizia kanzu yake, alikaripiwa. Zahoro alikunywa dawa nyingi za dukani, asipate nafuu. Mwanamkuu alianza kuogopa kwamba atamzika yeye pia.

Mwishowe alimpeleka zahanati. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyewapokea aliitwa Fikirini, mtu mzima, mpole. Alimpima homa, akambonyeza tumbo, akamtoa damu kidoleni ili itazamwe kama ina malaria. Waliporudi baada ya siku mbili, aliwaambia hakuona ugonjwa.

"Kwa hiyo najifanya?" Zahoro aliuliza.

"La. Unaumwa kweli. Mtu mwenye huzuni hapati usingizi, hali chakula, anakaza mwili mchana kutwa. Mwili huo lazima uume. Na ukiuma, moyo unazidi kuwa mzito. Huzuni yako umemwambia nani?"

Zahoro alijibu kuwa mwanamume hasemi mambo hayo.

Fikirini alimshauri ale kidogo kidogo hata bila hamu, atembee jioni, na amweleze mtu anayemwamini kinachomsumbua. Alimwonya pia arudi upesi akipata homa au akitapika, maana si kila maumivu hutokana na huzuni.

Wakirudi nyumbani, walipofika Mtaa wa Msimbazi, Zahoro alisimama.

"Ramadhan aliniita alipokuwa mgonjwa," alimwambia mkewe. "Tulikuwa tumegombana. Sikwenda."

Mwanamkuu hakumlaumu. Alisema waende Buguruni kwa Mauza, mjane wa Ramadhan. Huko Zahoro alirudia maneno yale yale. Mauza alimwambia kuwa marehemu alimwulizia mpaka mwisho. Walilia wote watatu.

Haikuwa dawa ya siku moja. Lakini wiki ile Zahoro alilala hadi alfajiri, na mwezi uliofuata tumbo liliacha kumsokota. Siku ambazo maumivu ya kichwa yalirudi, aliacha cherehani akatembea kidogo, au akamwambia mkewe anachowaza.

Huzuni haikwisha. Ila jina la Ramadhan lilipotajwa wakati wa chakula, Zahoro naye alisema neno juu yake, kisha akaendelea kula.