Chupa Aliyoiogopa Dobi

Langoni pa soko Jumamosi ile, kila mtu alitaka kuingia kabla mwenzake hajatoka. Fundi miwani alikuwa anatoka. Alivaa gauni la buluu lenye kola nyeupe, miwani yake mwenyewe imemteremkia puani, mkononi mfuko wa limau, kifuani kikapu cha forosadi zilizoiva mpaka zimekuwa nyeusi. Dobi alikuwa anaingia na furushi la mashuka meupe begani, shati lake la kaki limenyooshwa kwa pasi hata inzi angeteleza. Mtu akamsukuma fundi kwa nyuma, kikapu kikainama, na juisi ya forosadi ikamwagikia mashuka.

"Dada, hiyo miwani umevaa ya nini?"

"Samahani sana, kaka. Nipe, nitayafua mwenyewe."

"Ukiyafua wewe yatageuka zambarau yote." Dobi alilinusa shuka. "Hii ni forosadi. Nyumbani unazo mbichi?"

"Mbichi za nini tena?"

"Doa la mbivu husuguliwa kwa mbichi, halafu maji yanayochemka yanamwagwa kutoka juu. Niletee kiganja kimoja kesho. Duka langu liko nyuma ya wauza ndoo."

Fundi alimletea. Tena alikaa kwenye kigoda kutazama doa likififia, na lilipokwisha hakuondoka. Shuka la mwisho lilipoanikwa, dobi alikuwa ameshapata namba yake ya simu, na kila mmoja ameshapewa jina. Fundi akawa Macho Manne. Dobi akawa Bwana Povu.

Forosadi zile zilitoka uani kwa marehemu mama yake fundi. Nyumba ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya alitaka kuukata mti mwisho wa mwezi ajenge ukuta. Mama alipika jemu kila msimu, na binti akimwomba amfundishe alijibiwa, "Mwakani, mwanangu." Sasa miaka ya mama ilikuwa imekwisha, na msimu uliobaki ulikuwa mmoja. Ndiyo maana fundi alikuwa anajifunza jemu kwa shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye aliishi naye.

Jaribio la kwanza, dobi alipiga simu kuuliza habari.

"Vipi, laazizi, imeganda?"

"Imeganda. Mwiko umesimama katikati ya sufuria."

"Si ndiyo vizuri?"

"Bwana Povu, mwiko umesimama na hautoki."

Dobi alicheka mpaka akaunguza kola ya mteja. Shangazi yeye hakucheka.

"Umeichemsha ukisubiri iwe nzito motoni," alisema. "Jemu motoni ni maji tu, inakuwa nzito ikipoa. Weka kisahani kwenye friji. Ukidhani iko tayari, dondoshea tone, lisubiri kidogo, lisukume kwa kidole. Likikunjamana juu kama ngozi ya maziwa, epua. Na usichume nyeusi tupu. Changanya na chache ambazo bado nyekundu, hizo ndizo zinazoshika. Limau usisahau. Haraka ziache mlangoni."

Kwa mchumo wa mwisho zilihitajika chupa saba. Sita walizipata kwa majirani. Ya saba ilikuwa ya mama mwenyewe, bado ina karatasi iliyobandikwa, na juu yake penseli ya mama: *Kijiko kimoja kimoja*. Alikuwa ameiandika kwa ajili ya walafi wa nyumbani, na mlafi mkubwa alikuwa binti yake.

"Chupa niachie mimi," dobi aliomba. "Kuosha ndiyo kazi yangu."

Alizirudisha zikimetameta. Siku hiyo fundi alipika kwa sala na saa ya ukutani. Aliengua povu, akakamua limau, akasukuma tone kwenye kisahani mara tatu, na mara ya tatu likakunjamana. Shangazi aliinua mikono akamshukuru Mungu pale pale jikoni. Jumatatu mti ulikatwa, na fundi hakwenda kutazama.

Jumapili iliyofuata alifungua chupa ya kwanza. Alionja, akaacha kutafuna. Akafungua ya pili, kisha ya tatu. Akachukua simu.

"Chupa uliziosha na nini?"

"Umeona eh?" Sauti ya dobi ilijaa fahari. "Niliziloweka zote na vifuniko vyake siku mbili kwenye dawa ya kulainishia nguo. Ile ya waridi, ninayowawekea maharusi."

Fundi alikinusa kifuniko. Harufu ilikuwa imeingia kwenye mpira wa vifuniko, na kutoka hapo kwenye jemu.

"Macho? Upo?"

"Umemfulia mama yangu," alisema polepole. "Mti umeshakatwa. Nilikuwa na sufuria moja tu ya jemu ya mti ule katika maisha yangu yote. Usinipigie tena."

Akamgeukia shangazi. "Zimwage zote."

Lakini shangazi hakuwahi kumwaga chakula tangu azaliwe. Zile nne zisizofunguliwa alizisukuma chini ya kitanda chake bila kumwambia.

Wiki tatu zikapita. Dobi aliambiwa asipige simu, naye hakupiga, akidhani hiyo ndiyo heshima. Fundi alisema ukimya ule ndio unaoonyesha jinsi alivyokuwa hamjali. Akawa anapima macho ya watu huku ya kwake yakienda mlangoni kila linapopita shati lililonyooshwa vizuri.

Siku moja dobi alikuwa anapekua mifuko kabla ya kuloweka, akakuta barua ndani ya shati la mzee mmoja. Aliitoa taratibu, wino usije ukatoka. Akabaki ameishika, povu likimdondoka kwenye viwiko. Kisha akapiga simu, na hakumpigia fundi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umechelewa, baba."

"Ile chupa yenye maandishi, mliifungua?"

"Njoo," alijibu shangazi. "Uje umwambie mwenyewe."

Alasiri alikuwa mezani kwao, amevaa shati jeupe, hajui mikono aiweke wapi. Shangazi aliiweka chupa kati yao. Fundi aliangalia pembeni.

"Hii sikuiloweka," dobi alisema. "Karatasi ingebanduka. Niliuogopa mwandiko wa mama yako. Niliisafisha ndani kwa maji yanayochemka, na kifuniko nikakichemsha peke yake. Siku ile niliposema zote, niliisahau."

"Wiki tatu nzima?"

"Uliniambia nisikupigie."

"Na wewe ukatii kabisa, Bwana Povu?"

"Nilidhani ndiyo adabu."

"Adabu nyingine ni ujinga," alisema shangazi.

Fundi alikizungusha kifuniko. Kikafunguka kwa mlio mdogo. Aliinama akanusa, na hapakuwa na waridi. Alichota kijiko, akakiweka mdomoni, akavua miwani.

"Si kama ya mama," alisema, machozi yakimteremka. "Yake haikuwa na limau nyingi hivi. Lakini mti ni ule ule."

Aliishika chupa kama mtu anayetaka kuifungia kabatini milele. Akasoma karatasi. Akatabasamu, akachota kijiko kimoja akampa shangazi, kimoja akampa dobi.

"Ahsante Mungu," shangazi alisema, "kwa wifi yangu, kwa mti wake, na kwa huyu mwoga."

Dobi alilamba kijiko mpaka kikang'aa. Akakiweka chini, akakohoa.

"Shangazi, wazee wangu waje lini kuwaona?"

"Mimi unaniulizia nini? Muulize mwenye chupa."

Fundi alirudisha miwani, akamtazama vizuri, kuanzia kola mpaka vidole vilivyokunjamana kwa maji.

"Vyombo vya nyumbani utaosha na nini?"

"Maji matupu."

"Basi waje Jumamosi."