Unga Juu ya Paneli

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilikuwa na kazi moja tu. Wenzangu walichota maji na kubeba wadogo zao mgongoni. Mimi nilitakiwa kuchukua kitambaa laini na ndoo ndogo ya maji, kupanda ngazi hadi kwenye paa la banda la kuku, na kufuta paneli mbili za sola. Nikishuka, niweke alama ya vyema kwenye karatasi iliyotundikwa msumarini kando ya mlango wa jikoni. Kazi ya dakika kumi, na hata hiyo ilinishinda.

Nyumbani waliniita Bi Kesho. Bibi yangu ndiye aliyenipa jina hilo, maana kila nilipotumwa nilijibu, "Nitafanya kesho, Bibi." Nililizoea, nikaliona ni utani tu.

Nguzo za umeme hazijafika mtaani kwetu. Umeme wetu ulitoka juani. Mchana paneli zilijaza betri kubwa iliyokaa chini ya meza ya jikoni, na betri hiyo ndiyo iliyoendesha mashine ya Mama ya kutotolesha vifaranga. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye kioo mbele. Ndani yake yalilala mayai mia moja na ishirini, na yalihitaji joto la nyuzi thelathini na saba na nusu, usiku na mchana, kwa siku ishirini na moja. Mayai hayakuwa yetu. Yaliletwa na akina mama wa mtaani, kila mmoja ameweka alama yake kwa penseli kwenye ganda: huyu duara, yule nyota, mwingine jani.

Kabla ya mashine hiyo, Mama alikuwa mfua mashuka katika hoteli ya mji wa mbali. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka na begi lake la bluu. Nilimjua zaidi kwa sauti ya simuni kuliko kwa uso. Aliporudi moja kwa moja nilikuwa na miaka kumi, na wiki ya kwanza nilimfuata kila alikokwenda, nikimngoja hata mlangoni mwa bafu. Niliogopa kwamba nikifumba macho atakuwa ameondoka.

Kundi la kwanza la mayai lilitotoa nusu tu. Wateja walinung'unika, wengine wakaacha kuja. Mama alipopanga kundi la pili kwenye mashine, alisema bila kututazama, "Hili nalo likiharibika, hakuna atakayeniletea mayai tena. Itabidi nirudi hotelini."

Utadhani mtoto mwenye akili timamu angezisugua paneli zile mpaka zing'ae. Mimi sikuzisugua.

Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Kutwa nzima vumbi la unga lilipeperuka na kutua juu ya paneli zetu. Usiku umande ukalilowesha, na jua la asubuhi likalikausha likagandamana kama uji sufuriani. Ukifuta kila siku, linatoka kwa mkono mmoja. Ukiacha siku mbili, linataka kusuguliwa kwa nguvu. Asubuhi moja ya baridi nilijiambia nitafuta kesho, nikaweka alama ya vyema na kurudi kitandani. Kesho yake kazi ilikuwa imeongezeka, nami uvivu ulikuwa umeongezeka pia. Zikapita siku kumi na moja. Jumatatu ya wiki ile, ili nisisumbuke na kalamu kila siku, nilijaza alama za wiki nzima kwa mkupuo mmoja, mpaka Jumapili.

Jumanne jioni kisanduku cha kudhibiti chaji kilianza kulia. Taa yake ya kijani ilizimika, ikawaka nyekundu.

"Betri haijai," Mama alisema. Alisimama katikati ya jikoni akitazama huku na huku, kisha akaanza kuchomoa vitu. Alichomoa chaja ya simu. Akazima taa ya sebuleni, na taa ya uani. Tulikula kwa kupapasa.

Bibi alikuwa na redio ndogo aliyoisikiliza kila siku saa za mchana, ikimhadithia habari za dunia nzima. Yeye mwenyewe aliikunja waya na kuiweka kabatini. "Vifaranga wapate joto," alisema. "Mimi habari nitazisikia wakishatoka."

Nililala nimejifunika shuka gubigubi. Nilijiambia alfajiri nitapanda nikazisugue. Alfajiri Mama alikuwa uani tangu mapema akitembea huku na huko, nami niliona haya kupanda na ndoo na brashi mbele yake. Angeuliza brashi ni ya nini. Nikaenda shule na mkoba wangu.

Siku ile ya Jumatano mayai yalitimiza siku ya kumi na nane. Niliporudi saa tisa alasiri, sikusikia ile sauti ya feni ya mashine niliyoizoea. Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo, ameshika tama, macho yake yako kwenye kipimajoto.

"Imezimika saa ngapi?" niliuliza.

"Saa nane. Nyuzi thelathini na tano sasa. Zinashuka."

Kupitia mlango wa chumba chake niliona begi la bluu juu ya kitanda. Lilikuwa limejaa, zipu imefungwa. Niliegemea ukuta.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nimempigia msimamizi wa dobi kule hotelini. Kazi ipo, ila anataka nifike Ijumaa." Aliongea polepole kama mtu anayesoma tangazo. "Utakaa na Bibi, mwanangu. Umeshakuwa mkubwa."

Sikuwa mkubwa.

Fundi wa sola alifika na pikipiki yake, mkoba wa vifaa begani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea na nyaya kuliko na watu. Alipima betri, akatikisa kichwa.

"Betri ni nzima, dada," alimwambia Mama. "Ila ni tupu. Haipokei chaji ya kutosha. Hizi paneli zinafutwa?"

"Zinafutwa kila siku." Mama aliinuka akaenda mlangoni. Aliichomoa karatasi msumarini na kumpa, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na nguvu. "Tazama mwenyewe. Binti yangu hajaruka hata siku moja. Mengine yote yananishinda, lakini huyu hajaniangusha."

Fundi aliisoma karatasi. Niliona kidole chake kikitembea: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kikafika Alhamisi. Kikaendelea hadi Jumapili, kikasimama hapo. Kisha akainua macho akanitazama. Aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia Mama.

Ningeweza kunyamaza. Fundi alikuwa amenipa nafasi hiyo, na Mama hakuwa akiitazama karatasi, alikuwa akiyatazama mayai. Lakini nililiona begi tena, na nikajua kwamba nikinyamaza sasa, nitakuja kuisikia sauti ya Mama simuni tu.

"Sikufuta," nilisema.

Mama aligeuka. "Unasemaje?"

"Paneli. Sijazifuta siku kumi na moja. Alama nilizijaza tu. Za wiki nzima nilizijaza Jumatatu."

Bibi, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, aliacha. "Bi Kesho," alisema taratibu, "kumbe siku moja umeifanya kazi ya kesho leo. Lakini kwa kalamu."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuja akasimama mbele yangu. Nilitamani anichape, yaishe.

"Na kundi la kwanza?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Siku nyingine nilifuta, nyingine sikufuta."

Alifumba macho. Machozi yalimtoka hata hivyo. "Nilikesha nikijiuliza nilikosea wapi," alisema. "Kumbe kosa lilikuwa juu ya paa, na anayelijua nakula naye meza moja."

Maneno yale yaliniuma kuliko fimbo. Nilitoka mbio, nikaruka ua hadi kwa jirani msaga nafaka. Binti yake, ambaye shuleni tunamwita Pumba kwa vile nywele zake hazikosi unga, alikuwa akifagia.

"Pumba, nisaidie. Nataka brashi ya pili na ngazi yenu ndefu, tupande wote."

"Wewe tena? Jana nilikuuliza mbona paneli zenu zimekuwa nyeupe, ukasema ndiyo mtindo mpya." Aliuona uso wangu, akaacha mzaha. "Shika huku. Mimi nitashika kule."

Tulipanda wote wawili. Unga ulikuwa umeshika kama rangi ya ukuta. Tulimwaga maji, tukasugua, tukamwaga tena. Sikuwahi kusugua kitu huku nikilia. Kioo cheusi kilipoanza kuonekana chini ya ule uji mchafu, niligeuka kulitazama jua. Lilikuwa limeshafika juu ya miti, jekundu na dhaifu.

Fundi alikitazama kisanduku. "Zinaingiza sasa, lakini jua limekwisha. Betri itaanza kupata nguvu kesho saa tatu."

"Na betri ya pikipiki yako?" Mama aliuliza.

"Haiwezi kuvuta mashine hii hata robo saa. Pole, dada."

Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na tatu. Mama alikaa chini sakafuni. "Basi," alisema. "Yamekwisha."

Nilimwona amekata tamaa kabisa, na aibu niliyokuwa nayo haikuwa na pa kwenda. Nilimkodolea macho Bibi kana kwamba yeye ndiye atakayelirudisha jua. Bibi alikuwa akitazama kapu lake la kupikia.

Kapu lile tulilicheka siku zote. Bibi aliyachemsha maharage nusu saa tu, akayatoa motoni, akaifungasha sufuria ndani ya kapu lililojazwa matambara, na kufunika. Mchana yalikuwa yameiva yenyewe, na mkaa umebaki. Mimi nilisema Bibi anayalaza maharage usingizi.

"Hiyo mashine yenu ina tofauti gani na kapu langu?" aliuliza. "Ni sanduku. Linataka joto liingie, na joto lisitoke. Kama jua limekwenda, maji ya moto si yapo?"

Mama aliinua kichwa. Kisha akasimama ghafla.

Bibi aliwasha jiko. Pumba alirudi kwao, akaleta chupa tupu za plastiki. Tulizijaza maji ya moto kiasi, si ya kuchemka, tukazifunga kwa vitambaa na kuzipanga chini ya trei. "Matundu ya hewa msiyazibe," fundi alionya, "vifaranga wameshaanza kutafuta pumzi." Sasa zikatakiwa nguo za kulifunika sanduku. Tulitandika blanketi langu na shuka za Bibi, bado upande mmoja ukabaki wazi.

Mama aliingia chumbani. Alirudi na begi la bluu, akafungua zipu, akatoa gauni lake la kusafiria, sweta zake na ile aproni ya hotelini. Alizikandamiza moja moja ubavuni mwa sanduku mpaka begi likabaki tupu.

Kipimajoto kilisimama kwenye thelathini na tatu kwa muda mrefu. Kisha kikapanda. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Tulipokezana kubadilisha chupa hadi asubuhi, na Mama hakunisemesha neno zaidi ya "Lete" na "Shika". Nilistahili. Saa tatu jua lilizipiga paneli, taa nyekundu ikazimika, na feni ikaanza kuunguruma. Mama alimpigia msimamizi wa dobi akamwomba amngoje hadi Jumapili.

Jumamosi, siku ya ishirini na moja, tulikaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Hadi adhuhuri hakuna yai lililotikisika. Mama alikuwa ameanza kuzikunja nguo zake upya, gauni kwanza, nilipoona ufa. Ulikuwa kwenye yai lenye alama ya jani. Ufa ukawa tundu, na kwenye tundu ikatokea ncha ya mdomo.

"Mama," nilisema. Nilimvuta mkono.

Hadi jioni ya Jumapili walikuwa wametoka vifaranga themanini na tisa. Mengine hayakufunguka, na Mama alinipa mimi kazi ya kuyatoa na kuyafukia. Niliyazika yote thelathini na moja bila kumwambia mtu nitamalizia kesho. Wenye mayai walikuja, nami niliwaeleza mwenyewe kilichotokea. Mmoja alinikaripia sana. Lakini wote waliondoka na vifaranga wao, na watatu wakauliza kundi jingine linaanza lini.

Mama alimpigia tena msimamizi wa dobi, akamwambia asimngoje. Kisha akaniita tukae kizingitini.

"Jua halitudai chochote, mwanangu," alisema. "Linakuja kila siku, linatupa joto, mwanga na kazi. Lakini halitatufutia paneli. Sisi tulizima taa, Bibi akaikosa redio yake, tukajibana kila kona, na bado tulikuwa tunaupoteza umeme kabla haujaingia ndani. Kosa la uvivu tungelirekebisha kwa ndoo moja ya maji. Ulipolifunika kwa uongo ndipo lilipotaka kuniondoa nyumbani."

Aliitoa ile karatasi mfukoni, akaichanachana. Nilidhani ataleta nyingine. Badala yake alikitundika msumarini kile kitambaa cha kufutia.

Kipo hapo mpaka leo. Kila asubuhi, akipita kwenda kuwasha jiko, Mama hukishika kwa vidole viwili. Kikiwa kimelowa na kina unga, hasemi kitu.