Keki ya Kifudifudi

Nakutegea wewe unayenisikiliza, na usikimbilie kujibu: nililala kifudifudi motoni, nikaamka uso unang'aa. Mimi ni nani?

Kaa nalo. Jibu litaletwa mezani, nawe utalijua ukiliona.

Simu iliita mpishi akiwa ameshika sufuria ya sukari, na sukari ikiwa motoni haina adabu ya kusubiri mtu. Ikipita rangi ya shaba kidogo tu, imekuwa chungu kama dawa ya malaria. Akaibana simu kati ya sikio na bega, mkono ukaendelea kuzungusha.

"Naongea na Mpishi wa Ghorofani?"

Mkono ukasimama. Sauti ile aliijua. Mwaka mzima kicheko cha mwenye sauti hiyo kilikuwa kinamwamkia kichwani kabla ya jogoo.

"Ndiye mimi, mama. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu, nimeila keki yako kwa jirani, ile ya machungwa. Mpaka leo nalamba vidole. Nataka moja ya sikukuu, niipeleke kwa wifi yangu. Yeye huoka ile nyeusi ya wazee, nzito kama tofali, ukiiangusha inapasua sakafu. Mwaka huu mkono unamsumbua, hawezi kukoroga. Nimesema niwashangaze."

"Nitaileta mwenyewe," mpishi alisema taratibu. "Na nitaipindua mwenyewe mezani. Ikipinduliwa na mkono mgeni inavunjika."

"Hapo umenena. Tena nyumba ile mwenye kuoka ndiye hupindua, utadhani umezaliwa kwetu."

Akamwelekeza njia, kona kwa kona, na mpishi akaitikia kila kona kama mtu asiyeijua. Simu ilipokatika, sukari ilikuwa imeungua kabisa. Akaimwaga, akaosha sufuria, akaanza upya.

Chini ya chumba chake cha kuokea kulikuwa na saluni ya rafiki yake msusi. Alishuka ngazi na aproni yake, akamweleza. Msusi akaacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

"Shangazi yupi? Wa jino?"

"Huyo huyo."

Msusi akakaa kwenye kiti cha mteja, akacheka mpaka kitana kikamponyoka.

Uelewe kilichomchekesha. Mwaka uliotangulia, mpishi alikuwa mchumba wa fundi saa, kijana mwenye kibanda kwenye kona ya mtaa, anayeweka saa sikioni na kukwambia inaumwa wapi. Nyumba ya mama yake ilikuwa na desturi yake. Keki ya sikukuu hupinduliwa mezani, watu wote wakiangalia, na aliyeioka. Mama mwenye nyumba huuliza, "Ya nani hii?" Aliyeoka hujibu, "Yangu." Basi. Akishajibu hivyo, ni mtu wa nyumba. Mama mwenyewe alipokelewa hivyo na mama mkwe wake.

Mwaka ule mama alimpa mpishi nafasi ya kuoka. Naye hakutaka kuoka tofali. Matunda makavu ya wazee aliyabakiza, mdalasini aliubakiza, ila unga aliupunguza ili keki ipumue. Kisha akaunguza sukari, akaitia chumvi ya kubana kwa vidole viwili, akaimwaga kitakoni mwa sufuria ya keki, akapanga juu yake vipande vyembamba vya machungwa. Rojo akaimimina mwisho. Uzuri wote ukawa chini, umeficha uso.

Alipoipindua, kipande kimoja cha chungwa kikagoma, kikabaki kimenata kwenye sufuria. Juu ya keki pakabaki shimo.

"Jamani, keki imeng'oka jino," shangazi yake fundi saa akasema, na meza nzima ikaangua kicheko.

Mama hakucheka. Aliuliza kama inavyoulizwa: "Ya nani hii?"

Mpishi akamtazama mchumba wake. Kabla hajafungua mdomo, fundi saa akamjibia.

"Ya dukani, mama. Tulichelewa kuoka."

Mpishi hakusema kitu. Aliifunika keki yake, akaibeba kwenye sinia, akaondoka, sufuria akaiacha huko huko. Ile keki msusi aliila wima, kisu mkononi, kisha akawagawia wateja waliokuwa wamekaa na dawa kichwani. Kila aliyeonja akauliza imeokwa na nani. Wiki haikwisha, watu wakaanza kuagiza. Chumba cha juu ya saluni akakipanga yeye, na jina la Mpishi wa Ghorofani akapewa na midomo ya watu, sio na kibao.

Fundi saa alipiga simu, hakupokelewa. Akahamia kwenye ujumbe. Mpishi aliusoma wote na hakujibu hata mmoja.

"Sasa huko utakwenda kama nani?" msusi akauliza, akirudi kwenye kile kichwa kilichosahaulika. "Mchumba au muuzaji?"

"Kama mwenye keki."

Usiku wa kuamkia sikukuu simu ikalia mara moja. Ujumbe ulikuwa mfupi:

*"Najua hujibu. Sikukuonea aibu wewe. Niliogopa kuchekwa mimi. Hilo ni baya zaidi, na sina pa kulificha."*

Akaandika, *"Sikukuu njema."* Akafuta. Akazima simu, akalala.

Siku yenyewe alivaa gauni lake la bluu, akafunga sufuria ya moto kwa taulo, akaikumbatia njia nzima. Mlango ulifunguliwa na mama mwenyewe, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Alimtazama mpishi, akaitazama taulo, hakuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, isipoe."

Sebuleni fundi saa alikuwa juu ya stuli akirekebisha saa ya ukutani. Alipogeuka, bisibisi ikamponyoka. Shangazi naye akatoka jikoni na sahani, akasimama katikati ya zulia.

"Kumbe Mpishi wa Ghorofani ni wewe?"

"Ni mimi, shangazi. Uliagiza, nimeleta."

"Nami simu nzima nakuelekeza njia."

"Ulinielekeza vizuri sana."

Shangazi akatafuta pa kuweka sahani, akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Watu wakakusanyika mezani. Mpishi akapitisha kisu chembamba ukingoni, akafunika sufuria kwa sinia, akavuta pumzi. Akapindua. Akagonga kitako cha sufuria kwa vidole, kama anabisha hodi, kisha akainua polepole.

Hapakuwa na shimo. Machungwa yalikaa yote, yamelowa sukari ya shaba, yanang'aa kama vioo vya madirisha jua linapozama. Nadhani sasa kitendawili umekitegua.

Hakuna aliyecheka. Mama akakohoa, akaketi vizuri.

"Ya nani hii?"

"Mama, subiri." Fundi saa alikuwa ameshuka kwenye stuli. "Kabla hajajibu. Mwaka jana uliuliza hivyo hivyo, nikajibu mimi. Nilidanganya. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa yake, aliioka siku nzima, na mimi nikamkana kwa sababu ya kicheko. Nasema mbele yenu wote, na mnaotaka kunicheka, chekeni."

"Najua," mama akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ilikuwa yake. Sufuria iliachwa hapa, nikaenda kuiosha. Nikakikuta kile kipande cha chungwa kimenata. Nikakibandua kwa kijiko, nikakila pale pale kwenye sinki. Mwanangu, duka gani linatia chumvi kwenye sukari na mtu akataka kuilamba sufuria?"

"Ndiyo maana alikuwa anajifungia jikoni," shangazi akadakia. "Mwaka mzima anaunguza sukari. Kaunguza sufuria, kaunguza vijiko. Huo mkono mnadhani kaumia wapi?"

"Hilo halikuulizwa," mama akamkata.

Mpishi akaiweka sufuria chini. "Mama, kama ulijua, mbona ulininyamazia mwaka mzima?"

"Kwa sababu nilikuuliza wewe. Akajibu mwingine, na wewe ukamwachia. Ningekupokeaje mtu uliyekubali keki yako iitwe ya dukani? Nilisema moyoni, huyu akirudi na sufuria nyingine, atarudi na jibu lake."

Maneno yakamwingia. Mwaka mzima alikuwa amembebesha fundi saa mzigo wote, na kumbe jibu lilikuwa kinywani mwake yeye siku ile, akalimeza. Akajifuta mikono kwenye taulo, akasimama wima.

"Niulize tena, mama."

"Ya nani hii?"

"Yangu. Matunda ni ya kwenu, machungwa ni yangu, na chumvi ni yangu. Ya mwaka jana nayo ilikuwa yangu, pamoja na shimo lake."

Mama akamkabidhi kisu. Mpishi akakata kipande cha kwanza, mama akakila mpaka chembe ya mwisho, akakusanya sukari sahanini kwa kidole mbele ya wageni. Shangazi alipewa cha pili. Alikitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenye jino alikuwa yeye, jino la umbea, na anaomba msamaha. Mpishi akamwongezea kipande kingine, na huo ndio ukawa msamaha wenyewe.

Fundi saa alibaki amesimama nyuma ya kiti chake, mikono haijui iende wapi. Hakuomba sahani.

Mama akamnyooshea uma.

"Na huyu aliyesimama kama kigingi cha mbuzi. Wa nani huyu?"

Saa ya ukutani, iliyokuwa imekufa tangu asubuhi, ilikuwa inatembea. Tik, tik, tik. Mpishi akakata kipande, akachagua penye chungwa kubwa, akazunguka meza nzima, akamwekea mkononi.

"Kula kwanza."

Akala. Akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na sukari imebaki kwenye mdomo wa chini.

"Ikoje?" mpishi akamuuliza.

"Haijawahi kuwa ya dukani hata siku moja."

"Mwanangu," mama akasema, "nimeuliza, na mimi siulizi mara tatu. Wa nani huyu?"

Mpishi akachukua ncha ya taulo, akamfuta ile sukari mdomoni, polepole, watu wote wakiangalia. Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba.

"Wangu."