Ulimi wa Kuazima

Kila jioni, kabla ya chakula, Kijiko alipanga vikombe vyeupe juu ya meza ya jikoni na kubandika maji. Hakungoja kutumwa. Mama yake alipofika kutoka kiwandani alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akatoa mkobani vifurushi vidogo vya karatasi, kila kimoja na majani yake ya chai. Kulikuwa na majani meusi yaliyojisokota, majani ya kijani yenye harufu ya nyasi mbichi, na siku nyingine chai zilizokwisha kutiwa viungo: ya tangawizi, ya hiliki, ya maganda ya limau, ya maua ya asumini.

Mama alipima majani, kiasi kile kile kwa kila kikombe, akamimina maji ya moto na kufunika. Chai ya kijani ilisubiri maji yapoe kidogo, kwa sababu ukiiunguza inakuwa chungu. Majani yalipokwisha kutoa rangi, binti alichota kijiko kimoja, akaivuta chai kwa kelele mpaka ikafika nyuma ya ulimi, akaizungusha mdomoni, akaitema kwenye ndoo. Kelele hizo zilivuka ukuta. Majirani walidhani mtoto anamwiga mama yake, wakacheka, wakamwita Kijiko, na jina lake halisi likabaki shuleni kwa mwalimu.

Lakini hakuwa akiiga. Alikuwa akifanya kazi.

"Hii ni nzito, ina utamu wa asali kwa mbali," alimwambia mama. "Hii ya pili imelala. Imekaa sana mahali."

Mama aliyashika maneno hayo kichwani. Asubuhi yake, mbele ya wafanyakazi wenzake, aliivuta chai ile ile, akatazama juu kama mtu anayefikiri, akayasema kama yake. Yeye ndiye aliyekuwa mwonjaji wa kiwanda. Chai aliyoikataa haikununuliwa, na aliyoikubali iliingia ghalani ikangoja kuchanganywa na kutiwa ladha.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Msimu wa mvua uliopita mama aliugua homa kali ya mafua, akalala kitandani siku nyingi, na alipoinuka pua yake ilikuwa imekufa. Aliweza kujua kwamba kitu kina sukari au chumvi, basi. Chai ya asumini na maji matupu ya moto vilikuwa kitu kimoja kwake. Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Baba yake Kijiko alifariki zamani, na mshahara wa mwonjaji ndio uliolipa pango na karo. Basi mama hakumwambia mtu kiwandani. Aliazima ulimi wa mtoto wake, akamwonya kwamba kazi yao ile isitoke nje ya mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa na miiko yake. Kabla ya kuonja, Kijiko hakutakiwa kula kitunguu, wala kuoga kwa sabuni ya manukato, wala kumung'unya peremende. Mwiko wa peremende ndio uliomtesa. Aliwahi kuuvunja mara moja, na mama alimgombeza mpaka akalia kwikwi.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Pengo, msichana mcheshi aliyepoteza jino la mbele kwa kugombania mpira usiomhusu. Baba yake Pengo alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kile kile. Watu walimwita Mzee Funguo, kwa kuwa funguo zake zililia kiunoni popote alipokwenda, na wenye utani walisema hata usingizini hulia. Siku moja, wakitoka shule, Pengo alinunua peremende za mnanaa na kumgawia mwenzake. Kijiko alizimung'unya njia nzima. Alipofika nyumbani mdomo wote ulikuwa wa baridi.

Siku hiyo mama alikuja na kifurushi kimoja tu. Ilikuwa chai nyeusi, kutoka kwenye mzigo mkubwa ulioletwa na lori asubuhi, na kiwanda kilitaka kuitia vanila. Kijiko aliivuta, akaizungusha, akatema. Hakusikia chochote isipokuwa mnanaa. Angeweza kusema, mama, nimekula peremende, tungoje kidogo. Lakini alikumbuka alivyogombezwa, akaona aibu, akaona uvivu pia.

"Safi," alisema. "Haina kasoro."

Mama aliyatia majani yaliyobaki katika kopo dogo, akalifunga kifuniko barabara na kuliweka rafuni, kama alivyofanya siku zote na chai isiyo na viungo, ili wainywe wenyewe.

Chai ya vanila ilipakiwa ikaenda madukani. Haikupita muda mrefu, wenye maduka wakaanza kuirudisha. Wateja walisema kwamba nyuma ya ile vanila kuna mafuta ya taa. Pale kiwandani hakuna aliyekuwa amegundua, kwa sababu mdalasini na karafuu zilijaa hewani na pua za watu zilikwisha kuzoea. Na chai haina urafiki wa kuchagua. Ukiiweka karibu na sabuni itanuka sabuni, na ukiiweka karibu na mafuta itanuka mafuta.

Mwenye kiwanda, mtu mrefu wa maneno machache ambaye hata mkewe alimwita Bosi, aliwakusanya wafanyakazi akamuuliza mwonjaji. Mama alijibu kwamba chai ilikuwa safi siku ilipofika, na kwamba aliionja mwenyewe. Basi, akasema Bosi, imeharibikia ghalani. Walipokwenda huko walikuta, nyuma ya mlango, jiko dogo la mafuta ya taa ambalo Mzee Funguo alipashia chakula chake cha mchana. Jiko ghalani lilikatazwa. Hakuna aliyeuliza swali jingine. Mzee aliambiwa akabidhi funguo na aende nyumbani.

Mama aliileta habari hiyo akiwa bado amesimama, bila kumtazama binti yake.

"Mzee Funguo kamwaga unga," alisema, kisha akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Kijiko alikumbuka zile peremende. Alipanda kwenye kiti, akateremsha kopo, akachemsha maji na kutengeneza kikombe kimoja. Alipokifunua, mvuke ulimpa jibu kabla hajaonja: mafuta ya taa. Aliionja hata hivyo, akatema, na ladha ile ikamganda kooni. Kopo lile halikuwahi kuingia ghalani hata dakika moja. Chai ilishuka kutoka kwenye lori ikiwa tayari imenuka, na yeye ndiye aliyesema ni safi. Alielewa kwamba Mzee Funguo hakuwa na kosa la chai. Alielewa pia kwamba mtu akilisema hilo, kazi ya mama imekwisha. Aliogopa sana.

Mama aliporudi, Kijiko alimweleza yote huku akilia, peremende na kopo. Mama alikiinua kikombe akakinusa. Akakinusa tena, pua ikigusa chai. Hakusikia kitu.

"Nenda kamwage hayo majani," alisema.

"Mama, na Mzee Funguo je?"

"Nimesema kamwage. Tukifungua mdomo, kesho mimi ndiye nitakayekaa nyumbani. Utasoma kwa pesa gani? Tutakula nini?"

Kijiko alitoka na kopo mpaka kwenye shimo la taka. Alisimama pale, mkono hautaki kumwaga. Mwishowe alirudi akalificha katikati ya nguo zake.

Shuleni Pengo hakuwa na utani tena. Watoto walikwisha kumpa baba yake jina jipya, Mzee Mafuta, na walimpita Pengo wakiwa wameziba pua. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake nyuma ya darasa, ameshika tama. Kijiko alikwenda kukaa naye, ingawa moyo wake ulimwambia akimbie. Pengo alimweleza kwamba baba yake amelivunjavunja lile jiko kwa nyundo, na kwamba siku hizi anakaa kitandani tu ametazama ukuta.

"Mwanzo alikuwa anakataa," Pengo alisema. "Sasa anasema labda ni kweli. Labda alimwaga mafuta akasahau, eti akili imeanza kumtoka. Jana kaniomba msamaha. Baba, ananiomba mimi."

Jioni hiyo vikombe havikupangwa. Mama alipofika alikuta kopo limewekwa katikati ya meza, na binti amekaa mbele yake na macho mekundu. Kijiko alisema haonji tena. Alitarajia kofi. Badala ya kungoja litue alimweleza mama maneno ya Pengo, moja baada ya jingine, mpaka lile la baba kumwomba mtoto wake msamaha kwa kosa asilolitenda.

Mama aliketi. Maji ya ugali yalichemka jikoni, yakapungua, na hakuna aliyeinuka kuyaepua. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Wewe ulisema uongo jioni moja kwa kuogopa kugombezwa," alisema. "Mimi nimeusema kila asubuhi mbele ya watu, na nikakufundisha kuuita kazi. Kesho vaa sare mapema. Tutaanzia kwa Bosi."

Bosi aliwasikiliza bila kuwakatiza. Aliagiza maji ya moto na vikombe, akafungua madirisha ya ofisi ili harufu ya viungo itoke. Kikombe kimoja kilitiwa majani ya kopo, kingine chai iliyorudishwa kutoka dukani. Alivinusa, akavionja, akatema. Kisha alimuuliza mama tangu lini hasikii harufu, na mama akamwambia. Aliuliza ni nani basi aliyekuwa akionja. Mama aliweka mkono begani kwa Kijiko.

"Kumbe kiwanda changu kinaendeshwa na mtoto wa shule," alisema Bosi, na wala hakucheka.

Alituma mtu akamwite Mzee Funguo siku ile ile. Kwa mama hakuwa na huruma nyingi. Alimwambia kwamba angeeleza ugonjwa wake mapema angempa nafasi ya kutibiwa na kazi nyingine ya heshima, lakini sasa hawezi tena kulitegemea neno lake kwenye meza ya kuonjea. Angebaki kiwandani, akifunga pakiti pamoja na vibarua, kwa mshahara wa vibarua. Mama alishukuru. Mwezi ulipokwisha walihama vyumba vyao viwili wakaenda kubanana katika kimoja.

Lakini kabla ya hayo, jioni ya siku ile ile, walikwenda nyumbani kwa Mzee Funguo. Funguo zilikuwa zimerudi kiunoni, ila yeye alionekana amekonda, na hakusimama kuwapokea. Pengo alikuwa mlangoni. Alimtazama Kijiko mara moja, akageuza uso. Mama alieleza kosa lake, Kijiko akaeleza lake, na hakuna aliyejaribu kulipunguza.

"Mwanangu, kukosea si ajabu," alisema Mzee Funguo. "Hata mimi nilikosea kuweka jiko ghalani. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza kosa ni lako peke yako. Ukilinyamazia, unamtwika mtu asiyehusika, naye atalibeba mpaka aanze kuamini ni lake."

Maneno hayo alimwambia Kijiko, na alikuwa akimtazama Kijiko. Lakini aliyeinamisha kichwa na kujibu alikuwa mama.

"Nimesikia, kaka," alisema.