Babu Kasema

Kila alasiri akitoka shule, Duha hupita dukani kwa babu yake, Mzee Aidarus, kwenye barabara ya Ndia Kuu, akambusu mkono na kumwuliza maswali. Mzee aliyapenda maswali hayo kuliko biashara yenyewe. Ndiyo maana Duha akawa mtundu wa kubishana darasani. Akibanwa, hutamka maneno mawili tu: "Babu kasema." Mtaani kwao hapo ndipo ubishi huishia.

Siku moja Mwalimu Everlyne aliwaambia wanafunzi watafute asili ya neno la Kiingereza "admiral", yaani mkuu wa jeshi la majini. Duha alicheza mpaka magharibi, akasahau kabisa. Kesho yake alipoulizwa, hakusita.

"Ni neno la Kireno, Mwalimu. Babu kasema."

"Vizuri sana! Basi mwalike aje Alhamisi atusimulie."

Nyumbani Duha akasema tu kwamba Mwalimu amemwita babu kuzungumzia maneno ya zamani. Mzee alifurahi hata akapiga pasi kanzu yake mwenyewe.

Alhamisi akaja na halua ya darasa zima.

"Shikamoo, babu!" watoto wakamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Babu," akasema Mwalimu, "tueleze ulivyomwambia Duha, kwamba 'admiral' ni neno la Kireno."

Mzee akamtazama mjukuu wake. Duha alimjua babu yake: hasemi uongo, wala hapendi kumwaibisha mtoto mbele ya watu. Akamhurumia, akasimama.

"Babu hakusema. Nilitunga mimi." Machozi yakamtoka.

Darasa likanong'ona. Mzee akakohoa kidogo. "Nami neno hilo silijui lilikotoka," akasema. "Mwalimu, hamna kamusi hapa tukatazama?"

Levi, aliyeketi mbele, akaifungua kamusi kubwa na kusoma: lilitoka katika Kiarabu, "amir", likapitia Kifaransa hadi Kiingereza.

"Loo! Kumbe ni amiri!" Mzee akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. "Amiri Jeshi Mkuu twamtaja kila siku, nami sikujua!"

Kisha akamwita Duha, akampa mkono aubusu kama kawaida.

"Mjukuu wangu, usinitie kinywani maneno nisiyoyasema. Watu waniamini kwa sababu nisilolijua nasema silijui. Nawe ukikwama sema hujui, kisha uulize. Kuuliza si ujinga. Haya, wagawie wenzako halua, nawe ule mwisho."