Ufunguo wa Stoo Ufukweni

Ndugu zangu, hebu itazameni familia hii. Asubuhi tulivu, mchanga mweupe, bahari imelala. Mama, mshonaji wa nguo za watu, ameketi kivulini, na kwa mara ya kwanza mwaka huu hana sindano mkononi. Binti yao mdogo amejilaza majini juu ya mikono ya baba yake, anajifunza kuelea.

"Baba, usiniachie!"

"Nikuachie niende wapi, mwanangu?"

Simu ikalia. Mtu mzima huyo alikuwa ameivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka baharini! Basi akaishika kwa mikono yote miwili. Ndiyo, ile ile iliyombeba mtoto.

Mama alipofika mbio, binti alikuwa amekwisha kunywa maji. Akamnyanyua, akampiga mgongoni mpaka akatapika na kulia. Kilio hicho kilimfanya mama ashushe pumzi. Baba bado alikuwa anasema, "Haloo? Haloo?"

Niwaeleze huyu baba ni nani. Ni mkuu wa karakana ya uchapishaji, na wenzake humwita Nguzo. Alifanya kazi hadi akaanguka mbele ya mtambo, na daktari akamwambia waziwazi: "Pumzika mwenyewe, la sivyo utapumzishwa." Mkewe akafunga cherehani, akafungasha mizigo, wakaja pwani. Tangu wafike, simu haikunyamaza. Kila ikilia, Nguzo huguna, "Watu hawa hawawezi lolote bila mimi," huku akitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomchosha mkewe kuliko simu yenyewe.

Safari hii mama aliichukua simu kutoka shingoni mwake.

"Mkuu," sauti ya karani ilisihi, "tumepekua kila droo. Ufunguo wa stoo ya wino hatuuoni. Mitambo imesimama."

Mama alimtazama mumewe. Mumewe akatazama mchanga. Mama akaenda chumbani, akaikung'uta suruali ya safari ya mumewe. Ufunguo ukaanguka sakafuni.

"Umeubeba kwa bahati mbaya?" alimuuliza aliporudi. Jamani, alimpa nafasi ya kudanganya!

"Hapana," akajibu Nguzo polepole. "Nikiuacha, wataona kazi inakwenda bila mimi. Halafu?"

"Halafu utakuwa hai, mume wangu! Nimekuuguza, nimekubembeleza, nimechoka! Leo umemwachia mtoto majini kwa ajili ya wino. Wino!"

Binti alikuwa amejificha nyuma ya mama yake, na baba aliponyoosha mkono, alirudi nyuma. Hapo ndipo mwanamume huyo alipolia.

Dereva wa nyumba ya wageni alikuwa anaelekea mjini. Mama akamkabidhi ufunguo aupeleke karakana. Jioni karani akapiga mara moja tu: stoo imefunguliwa, kazi inaendelea, mkuu apumzike. Baada ya hapo, kimya. Nguzo aliitazama simu, akaitikisa, akauliza kama ina chaji. Mkewe alitamani kucheka na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Mwishowe mzee mzima akalala, akakoroma hadi jua likawa juu.

Kesho yake binti aliingia majini na mama. Siku iliyofuata, vilevile. Baba aliketi mchangani akiwatazama, shingo tupu. Siku ya mwisho mtoto alimsogelea, akamchungulia mikono.

"Simu iko wapi?"

"Iko ndani ya begi, imezimwa."

Binti alifikiri kwanza. "Haya, nishike. Lakini mama asimame karibu."

Mama akasimama karibu.

FUNZO

Enyi mnaojiita nguzo za kazini, sikieni. Kazi ilikuwapo kabla yako na itakuwapo baada yako. Anayewaficha wenzake ufunguo ili atafutwe hajengi heshima, anajichimbia kaburi. Ukienda kupumzika, uache ufunguo. Kazini wapo wa kushika nafasi yako, lakini mwanao akishaanza kukuogopa, hakuna karani wa kumtuliza.