Ngoma ya Mzee Kahongya na Vinanda Viwili

Josaphat Maliro wa Bulengera alikuwa mtu wa kufika mapema, tena bila kutaka. Alinunua kahawa vijijini na kuipeleka Kampala. Kwa ajili ya safari hizo, aliacha saa yake ya mkononi ifuate saa za Kampala, ambazo ziko mbele ya saa za Butembo kwa saa moja. Basi kila Jumapili alifika kanisani mlango ukiwa bado umefungwa. Alikaa kwenye ngazi na kuwalaumu wengine kwa uvivu. Mkewe, Virginie, aliacha kubishana naye zamani. Alimaliza kazi zake za nyumbani taratibu, akamkuta palepale kwenye ngazi.

Huo ulikuwa mwaka wa 2001. Vita vilikuwa vimeikata nchi vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na mkubwa wake. Lakini watu wa Butembo walilima, walifanya biashara, walioana. Kavira, binti wa Josaphat na Virginie, alikuwa ameposwa na Cyrille, mkulima wa kakao wa Beni. Zilibaki wiki mbili tu kabla ya harusi.

Katika ukoo wao, bibi harusi haingii ukumbini bila ngoma ya Mzee Kahongya, baba yake Josaphat. Mzee huyo aliwapigia ngoma binti zake wote, na hata Virginie siku alipoingia katika ukoo. Lakini mwaka uliopita alipata ugonjwa wa kupooza. Mkono wake wa kushoto haukusikia tena amri.

Paulin, mdogo wake Virginie, alipata wazo. Yeye alikuwa na mashine ndogo yenye vitufe vingi, inayoitwa sampleur. Mashine hiyo hukamata sauti yoyote na kuirudisha ukibonyeza kitufe. Mzee Kahongya alipiga ngoma yake kwa mkono wa kulia, pigo moja moja. Alipiga katikati, akapiga pembeni, akapiga kwa vidole. Sampleur ilikamata kila pigo. Kisha Paulin aliyapanga mapigo hayo mpaka ngoma ya mikono miwili ikarudi.

Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Mukono ya kushoto inapiga muzuri kupita zamani," alisema. Wote wakacheka, naye akacheka.

Taabu ilianza walipoongeza vinanda. Josaphat alikuwa na kinanda cha umeme, na Paulin alikuwa na kingine. Wao waliviita piano. Katika kinanda cha Josaphat waliweka sauti nzito za besi, zijirudie zenyewe. Katika kile cha Paulin waliweka sauti za gitaa. Mashine zote tatu waliziwekea namba moja, mapigo tisini kwa dakika. Paulin alihesabu, "Moya, mbili, tatu," na watu watatu wakabonyeza pamoja: yeye, Josaphat na Kavira.

Dakika ya kwanza ilikuwa tamu. Lakini bibi harusi wa Butembo hakimbii kwenda kwenye kiti chake. Anakwenda hatua mbili mbele, moja nyuma, na safari hiyo yaweza kuchukua dakika kumi. Dakika ya tatu, ngoma ilikuwa mbele ya besi. Dakika ya tano, gitaa liliachwa nyuma. Kavira, aliyekuwa akijaribu hatua zake uani, alisimama bila kujua mguu gani ufuate.

"Piano yangu haikosee," Josaphat alisema. "Sampleur njo inakimbia."

"Hapana, beau. Piano yako njo inalala," Paulin alimjibu shemeji yake.

Kisha wakakubaliana juu ya jambo moja: kosa ni la groupe, ile jenereta yao ya zamani inayokohoa. Wakaazima groupe ya jirani. Mashine zikagombana vilevile. Wakajaribu kuhesabu mpaka tano badala ya tatu. Wakajaribu kubonyeza kwa nguvu. Kitufe cha Josaphat kilikaribia kuzama ndani ya kinanda.

Mzee Kahongya alivumilia siku mbili. Siku ya tatu alisema, "Kama ngoma yangu itagombana na bapiano mbele ya bakwe betu ba Beni, mubiache byote. Na miye nitabakia ku nyumba. Sitaki haya ku uzee."

Kavira aliumia sana. Alikaa chini karibu na kiti cha mzee.

"Sokulu," alimwambia, kwa maana ndivyo Wanande wanavyomwita babu, "kama weye hauje, miye nitaingia na nini?"

Mzee alimshika kichwa kwa mkono wake mzima.

Virginie aliwageukia mumewe na ndugu yake. "Inchi iko na baprezida bengi, lakini orchestre yetu pia? Kavira, kesho wende ku radio ya paroisse. Umuite Madame Ngalula. Kuuliza si ujinga."

Madame Ngalula alikuwa fundi wa redio ndogo ya parokia. Kwao ni Mbuji-Mayi. Alikuja Butembo kwa kazi ya miezi sita, na vita vikafunga njia nyuma yake. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu hajamwona mama yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na masikio makali.

Alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa vyombo. Hakugusa kitu. Aliwaambia wapige, akasikiliza dakika kumi nzima, ugomvi wote mpaka mwisho. Kisha aliuliza jambo ambalo hawakulitegemea.

"Papa Josaphat, iko saa ngapi?"

Josaphat alitazama mkono wake. "Saa tano."

"Na weye, Paulin?"

"Saa ine."

"Nani anakosea?"

Josaphat alishusha mkono wa shati juu ya saa yake. Virginie aligeuka ukutani ili asionekane akicheka.

"Hakuna mutu anakosea," Ngalula alisema. "Kila mutu anafuata saa yake. Bamashine benu pia. Kila moya iko na saa yake ndani."

"Lakini tumeweka namba moya," Paulin alisema. "Tisini, tisini, tisini."

"Ndiyo. Lakini tisini ya hii haiko sawa kabisa na tisini ya ile. Tofauti ni kidogo sana, masikio haiisikie. Kisha mapigo mia tatu, ile kidogo inajikusanya, inakuwa mingi. Tena, bidole bya batu batatu habiwezi kubonyeza mara moya kabisa."

"Na groupe?"

"Groupe haina makosa. Mumurudishie jirani."

Aliendelea kueleza polepole. Mashine moja tu inapaswa kutunza saa. Nyingine zinaacha saa zao na kusikiliza ile moja. Haitoshi kuzianzisha pamoja. Ni lazima zishikwe pamoja, pigo kwa pigo, mpaka mwisho wa wimbo.

"Basi, muchague chef, mukubwa wa bengine," alimaliza.

"Piano yangu njo ya kwanza kuingia mu hii nyumba," Josaphat alisema upesi.

"Yangu njo ya kisasa," Paulin alisema.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawa walikuwa tayari wameinua pembe. Ngalula alimgeukia mzee. "Papa Kahongya, ku harusi, nani anaongoza bengine?"

"Ngoma," alisema mzee. Hakuna aliyebisha.

Basi sampleur ikawa chef. Ngalula aligeuza vinanda na kuonyesha matundu ya mviringo nyuma yake. Kila tundu lilikuwa na vijitundu vitano ndani.

"Hii OUT ni mulango ya kusema. Hii IN ni mulango ya kusikia. Hii THRU inapitisha kwa mwingine ile IN imesikia, bila kuongeza kitu."

Alizima mashine zote kwanza. Alikuwa na waya mmoja tu wa kufaa. Aliuchomeka kwenye OUT ya sampleur, na mwisho wake kwenye IN ya kinanda cha Josaphat. Waya wa pili aliutengeneza palepale, kwa vichwa viwili vya pini tano alivyotoa kwenye redio mbovu. Alilehemu pini ya nne kwa ya nne, na ya tano kwa ya tano. Waya wa nje aliufunga kwenye pini ya katikati, pande zote mbili.

"Ukigeuza ya ine na ya tano, mashine haisikie kitu," alimwambia Kavira, aliyekuwa akimpashia chuma cha kulehemia kwenye mkaa. Kisha akampa Paulin waya huo ili aunganishe kinanda chake.

Kilichobaki kilikuwa kuzipa mashine amri. Aliwasha groupe. Kwenye sampleur alichagua INT, yaani fuata saa yako mwenyewe, na akairuhusu kutuma saa hiyo nje. Kwenye vinanda vyote viwili alichagua EXT, yaani fuata saa inayotoka nje.

Josaphat hakuweza kungoja. Alibonyeza kitufe chake cha kuanzisha. Kinanda kikakaa kimya.

"Madame, umeiua."

"Haikukufa, Papa. Inangojea chef yake."

Kavira alibonyeza kitufe kimoja tu, cha sampleur. Ngoma ikaanza, na besi ikaanza nayo papo hapo. Josaphat aliinua mikono juu kuonyesha kwamba hakugusa kitu. Lakini kinanda cha Paulin hakikusema neno. Sasa ilikuwa zamu ya Josaphat kutabasamu.

"Paulin, umeingiza waya wapi?" Ngalula aliuliza.

"Ku OUT ya piano ya beau. Kama vile weye ulifanya ku sampleur."

"Ile OUT inasema mambo ya piano yenyewe. Haipitishe maneno ya chef. Utie ku THRU. Na kwako, mwisho wa waya ubakie ku IN."

Paulin alihamisha waya. Kavira alianzisha upya. Ngoma, besi na gitaa viliingia kwa mguu mmoja. Dakika ya tatu ikapita. Dakika ya tano ikapita. Kavira alijifunika kitenge kichwani kama shela na kuzunguka ua, mbili mbele, moja nyuma. Hakukosea hata hatua moja. Virginie alisahau sufuria ya maharagi jikoni, na hakuna aliyemlaumu.

Mzee Kahongya alikuwa amefumba macho. Dakika kumi zilipoisha, walimtazama kama wanafunzi wanaongojea alama.

"Inakimbia kidogo," alisema.

Josaphat alishika kichwa. Lakini Ngalula alinyoosha mkono kwenye sampleur na kuzungusha kifundo kidogo cha mwendo, kutoka tisini mpaka themanini na nne. Ngoma ikapungua mwendo. Besi na gitaa vikapungua pamoja nayo, bila mtu kuvigusa.

Mzee alifumbua macho. "Rudilia ile."

Ngalula alirudia. Alipandisha, akashusha. Vinanda vilifuata.

"Na ni nani anazungusha hii?" mzee aliuliza.

"Mutu yeyote mwenye kujua ngoma," Ngalula alisema. "Mukono moya inatosha."

Siku ya harusi, barabara ilikuwa wazi. Wakwe wa Beni walipanda na lori, wakishangaa baridi ya Butembo na kujifunika shuka. Josaphat alirudisha saa yake nyuma kwa saa moja. Akafika ukumbini wakati uleule na mkewe, na hilo lilizungumzwa karibu kama harusi yenyewe. Nyaya mbili zilikuwa mahali pake, OUT kwa IN, THRU kwa IN. Mimi ninayesimulia nilikuwa mmoja wa wageni, na nilizikagua mwenyewe.

Mzee Kahongya alikaa mbele ya meza ya sampleur, amevaa koti lake jeusi. Ngalula alisimama nyuma yake na hakufanya lolote, kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Mzee alibonyeza kitufe kwa kidole, akaweka mkono kwenye kifundo.

Kavira aliingia. Mbili mbele, moja nyuma. Katikati ya ukumbi alimwona babu yake pale kwenye kiti cha mpiga ngoma, na machozi yakamjaa machoni. Mguu wake ukachelewa. Mzee aliona. Alizungusha kifundo kidogo sana, na ngoma ikamngojea mjukuu wake. Besi ikamngojea. Gitaa likamngojea. Kavira alivuta pumzi, akapata hatua yake, akaendelea.

Alipofika kwenye kiti, mzee alipandisha mwendo bila kuuliza mtu, na wakwe wa Beni wakatupa shuka zao na kucheza. Virginie alimvuta Ngalula katikati.

"Leo usikae pembeni," alimwambia. "Leo weye ni ndugu ya bibi harusi." Ngalula alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akacheza kama wanavyocheza kwao.

Baadaye Kavira alikuja kumpigia babu yake magoti.

"Wasingya, Sokulu," alisema, yaani asante kwa Kinande. "Ulikuya."

"Ningefanya namna gani?" mzee alijibu, mkono ukiwa bado kwenye kifundo. "Ni miye niko napiga ngoma."